Taa ya pikipiki ikizimika njiani: anza ku batri, fuata fili, usinunue ampule bure

Kwa sisi wakaaji wa Masisi, pikipiki iko gari, iko lori, na siku zingine iko ambulansi. Kutoka Muheto kwenda Masisi-centre, ao kushuka mpaka Sake na Goma, ni yenyewe inabeba mwalimu, mfuko wa viazi, bidoni ya maziwa, fromaji, na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Mafundi wetu wanajua kufungua injini na kuifunga tena kando ya barabara, mvua ikinyesha. Lakini taa ikizimika, wengi wanafanya jambo moja tu: wananunua ampule. Ile ikiungua, wananunua ingine. Ya tatu ikiungua, wanasema pikipiki imechoka.

Mara nyingi ampule haina kosa. Ugonjwa uko nyuma yake: ku masi, ku kiungo cha fili, ku kontakti, ao ku regulatere. Na mwenye pikipiki anaweza kuutafuta mwenyewe, hata pasipo mashine ya kupima, akiwa na ampule ya zamani na kipande cha waya. Hapa tunaeleza namna ya kufanya, hatua kwa hatua, kwa ajili ya wamotari wa kwetu na kwa kila mtu anayewapa maisha yake anapopanda nyuma yao.

Taa si pambo

Tunajua vizuri: kwa hali ya usalama ya hii miaka, hakuna mwenye akili anayetafuta safari ya usiku kwa furaha. Lakini ugonjwa hauangalii saa. Mtoto akishikwa na malaria kali saa nane ya usiku, ao mama akianza kutoka damu, watu wana njia mbili: kipoyi kwa mabega ya vijana, ao pikipiki. Ikichaguliwa pikipiki, basi taa ya mbele ndiyo inaamua kama mgonjwa atafika hospitali ao atalala ndani ya mtaro.

Tena kwetu giza haliko la usiku peke yake. Milima ya Masisi inapita metre 2.000 pahali pengi, na ukungu unaweza kushuka mchana kabisa, mtu asione hatua kumi mbele yake. Katika ukungu ule, ni taa yako ndiyo inamwambia dereva wa lori kwamba kuna mtu mbele. Taa ya nyuma inamwambia vilevile yule anayekufuata. Na wale wanaopita kwa miguu, na vijana wa chukudu wanaoshuka mlima na mzigo, hawana taa hata moja: wanategemea yako wewe.

Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ile ya barabara, inaomba taa usiku. Lakini tuseme ukweli: sababu kubwa haiko polisi. Sababu kubwa ni shimo, utelezi na mtu aliye mbele.

Umeme wa pikipiki unatoka wapi

Mbele ya kutafuta shida, inapashwa kujua njia ya umeme. Iko fupi.

Ndani ya injini kuna gurudumu lenye sumaku linalozunguka pamoja na injini. Karibu yake kuna mizingo ya waya wa shaba, ile mafundi wanaita stateri. Sumaku ikizunguka, umeme unazaliwa ndani ya mizingo ile. Injini ikienda mbio, umeme unaongezeka. Injini ikienda polepole, umeme unapunguka. Ili usiunguze vitu, unapita ndani ya regulatere, kile kisanduku cha chuma chenye mapezi kilichofungwa ku kadre. Regulatere inazuia umeme usipande sana, na inaunyoosha ili uweze kuingia ndani ya batri ya volti 12. Kutoka batri, umeme unapita ku fizibule, unaenda ku kontakti ya ufunguo, unapanda ku komodo ya gidoni, unashuka ku ampule, kisha unarudi ku batri kupitia chuma cha pikipiki yenyewe. Ile njia ya kurudi ndiyo tunaita masi.

Neno la kukumbuka ni hili: umeme unaenda na unarudi. Watu wengi wanaangalia njia ya kwenda tu. Lakini njia ya kurudi ikikatika, ampule mpya kabisa haitawaka.

Kuna tena aina mbili za pikipiki, na lazima ujue yako iko ya namna gani. Fungua kontakti bila kuwasha injini, kisha washa taa kubwa ya mbele. Ikiwaka, taa yako inakula umeme wa batri. Isipowaka mpaka injini izunguke, taa yako inakula moja kwa moja ku stateri. Kwa hii aina ya pili, taa kupunguka ku ralanti na kuongezeka unapotia gazi haiko ugonjwa. Ndivyo ilivyotengenezwa. Tumeona watu wakibadilisha piesi tatu kwa kutafuta kuponya kitu kisichougua.

Na hapa kuna jambo la milima yetu. Wamotari wengi, juu ya kuchunga esansi, wanashuka mlima na injini imezimwa ao vitesi iko ku pointi mori. Mwenye taa inayotoka ku stateri anajikuta ghafula ndani ya giza, katikati ya kona. Mwenye taa ya batri anaendelea kuona, lakini anakula batri bila kuirudishia kitu, na akifika chini pikipiki haiwaki tena. Usiku, shuka na injini inazunguka, ndani ya vitesi ya pili ao ya kwanza: injini inakushikilia, freni hazichoki, na taa inabaki na nguvu. Esansi utakayoichunga kwa kuzima ni kidogo sana ukilinganisha na mguu.

Vyombo vya kazi

Chombo cha kwanza ni ampule ya kupima. Chukua ampule ya klinyota ya zamani, ile ya wati 10, ambayo bado inawaka. Unga fili mbili: moja ku kitako chake, ingine ku ubavu wake. Hii ndiyo daktari yako. Ukigusisha fili moja ku masi na ingine pahali unapotaka kupima, ikiwaka, umeme unafika pale; isipowaka, haufiki.

Chombo cha pili ni waya mrefu wa metre moja na nusu, wa kupeleka masi mpya kutoka batri mpaka ku taa. Cha tatu ni kipande cha msasa, na vaselini kidogo. Cha ine, fizibule mbili za akiba za nguvu ileile iliyoandikwa ku ile ya zamani: pikipiki nyingi za kwetu zinatumia ampere 10 ao 15.

Mwenye uwezo anunue multimetri. Ile ndogo ya bei ya chini inatosha, na vijana watano wa kituo kimoja wanaweza kuchanga franga wakainunua pamoja. Itawaambia mambo matatu makubwa. Batri iliyopumzika na kujaa inapashwa kuonyesha karibu volti 12,6. Injini ikizunguka kwa gazi ya katikati, inapashwa kupanda kati ya 13,5 na 14,5. Ikibaki ku 12 na kushuka, batri haipokei chakula. Ikipita 15, regulatere imekufa na inaunguza kila kitu.

Dalili na maana yake

Hakuna taa hata moja, hata kalaksoni haisemi. Usiguse ampule yoyote. Vitu vyote haviwezi kufa siku moja. Kilichokufa ni kile vinachotumia pamoja. Anza ku batri: kosi zake zimekazwa? Kuna unga mweupe ao wa kijani juu yake? Ondoa, kwangua na msasa, kaza, pakaa vaselini. Kisha angalia fizibule. Usiiangalie kwa macho tu, maana inaweza kukatika pahali pasipoonekana: pima upande huu na upande ule kwa ampule yako. Ikiwaka upande mmoja tu, umepata. Kisha fuata kontakti ya ufunguo. Kwetu vumbi na matope vinaingia ndani yake, na fili zake, kwa kuzungushwa kila siku pamoja na gidoni, zinakatika ndani ya ngozi ya plastiki bila kuonekana inje. Zungusha gidoni kushoto na kulia polepole, kontakti ikiwa wazi. Taa ikipepesa, fili iliyokatika iko pale shingoni.

Taa ya mbele tu haiwaki. Badilisha kwanza kutoka taa fupi kwenda taa ndefu. Moja ikiwaka na ingine ikikataa, kuna mambo mawili: uzi mmoja wa ampule umeungua, ao komodo imechafuka ndani. Toa ampule, pima ndani ya soketi na ampule yako ya kupima. Umeme ukifika, ampule ndiyo imekufa: sasa unaweza kununua na moyo mweupe. Umeme usipofika, panda juu mpaka ku komodo. Pikipiki inayooshwa mtoni kila juma inajaza maji ndani ya komodo, na shaba yake inakuwa ya kijani. Ifungue pole pole, maana kuna springi ndogo na vidonge vya chuma vinavyopenda kuruka na kupotelea ndani ya majani. Kwangua, kausha, funga.

Taa inawaka lakini ni kama mshumaa. Huu ndio ugonjwa wa pikipiki nyingi zilizozeeka kwetu, na ndio unawalisha wauza ampule. Sababu yake karibu kila mara ni masi mbaya ao kiungo kilichochafuka. Umeme unafika, lakini umechoka njiani. Ujue kwamba ampule ya kawaida iliyotengenezwa kwa volti 12, ikipata 10 tu, mwangaza wake unashuka karibu nusu. Volti mbili tu zimepotea, na nusu ya barabara imepotea pamoja nazo. Kipimo chake ni hiki: washa taa, chukua ule waya mrefu, gusisha ncha moja ku kosi ya batri ya kutoa, ile yenye alama ya minusi, na ncha ingine ku fili ya masi ya ampule. Taa ikiruka ghafula kwa mwangaza, umepata ugonjwa bila kutumia hata franga moja. Tafuta bulo inayofunga masi ku kadre. Mara nyingi utaikuta imepakwa rangi siku ile pikipiki ilipopakwa rangi mpya, ao imekula kutu chini ya tanki. Kwangua mpaka chuma king'ae, funga, pakaa vaselini juu.

Ampule zinaungua kila juma. Hapa mshitakiwa wa kwanza ni regulatere. Angalia: unapotia gazi, taa inakuwa nyeupe kupita kiasi? Batri inachemka na kukauka maji haraka? Basi umeme unapanda bila kizuizi. Mshitakiwa wa pili ni batri iliyokufa ao iliyotolewa. Batri nzuri inatuliza mawimbi ya umeme. Pikipiki inayotembezwa bila batri inapiga ampule zake kama nyundo. Wa tatu ni mtikisiko. Mawe ya lava ya Goma na mashimo ya barabara ya Masisi yanakata uzi wa ampule kama taa yenyewe haikukazwa, ao mpira wake umepotea. Na kuna wa ine ambaye wachache wanamjua: vidole. Ampule ya halojeni usiishike ku kioo. Mafuta ya mkono yanabaki pale, kioo kinapata moto zaidi pahali pale, kinapasuka mbele ya wakati. Ishike na kitambaa safi.

Klinyota zinapepesa haraka sana, ao zinawaka bila kupepesa. Mara nyingi ampule moja ya upande ule imekufa ao iko ya wati zisizofaa. Kama pande zote mbili hazipepesi, kile kisanduku kidogo cha kupepesesha ndicho cha kuangalia. Na mwenye kuweka ampule za LED ku klinyota ajue kwamba zinakula umeme kidogo sana, kwa hiyo kisanduku cha zamani kinaweza kukataa kupepesa. Haiko uchawi, inaomba kisanduku kinachokubali LED.

Taa ya freni haiwaki, ao haizimi. Iko na vifungo viwili: kimoja ku mkono wa freni ya mbele, kingine ku pedali ya nyuma chenye springi. Cha nyuma ndicho kinachojaa matope. Kivute na kidole: taa ikiwaka, springi imelegea. Angalia tena ampule yenyewe. Ile ya nyuma ina nyuzi mbili, wati 5 kwa usiku na wati 21 kwa freni, na vile vijino vyake viwili havilingani urefu ili mtu asiigeuze. Kuna wanaoisukuma kwa nguvu mpaka iingie kinyume. Matokeo: taa ya nyuma inawaka kali safari yote, na ukikamata freni yule anayekufuata haoni tofauti.

Ukikamata freni, klinyota zinang'aa kidogo. Ukipiga kalaksoni, taa inapunguka. Hizi ndizo dalili za masi iliyokatika. Umeme umekosa njia ya kurudi, basi unajipenyeza kwa njia ya jirani. Rudisha masi ya nyuma, na mapepo yataondoka.

Fizibule inayoungua mara kwa mara

Fizibule haiko adui. Iko mlinzi wa mlango. Ikiungua, imekuambia kwamba pahali fulani fili yenye umeme inagusa chuma. Kuibadilisha na msumari, na waya mnene ao na karatasi ya sigara yenye kung'aa, ni kumfunga mlinzi mdomo na kumwacha mwizi ndani. Kitakachoungua kiisha ni fili zote, na fili zile zinapita chini ya tanki ya esansi.

Fanya hivi badala yake. Toa fizibule iliyokufa. Pahali pake, unga ampule ya wati 21, ile ya freni. Zima taa zote kwanza, kisha fungua kontakti. Ampule ile ikiwaka kwa nguvu zote, kuna pahali umeme unapiga masi, na ampule inakulinda usiunguze fizibule ingine. Sasa tenganisha viungo kimoja kimoja: taa ya nyuma, kalaksoni, klinyota, komodo. Siku ampule ya kupima ikififia ao ikizimika, kiungo ulichotoa mwisho ndicho chenye ugonjwa. Kama umeme unapiga masi tu unapowasha taa fulani, washa taa moja moja mpaka umkamate mwizi. Angalia hasa pahali patatu: shingo ya gidoni, chini ya kiti, na nyuma, pahali portebagaji inapobana fili kwa uzito wa mifuko.

Mambo tunayoomba yaachwe

Mazungumzo haya yanasikika ku vituo vingi:

– Fundi, ampule imekufa tena.

– Kaka, weka hii kubwa ya gari. Hapo utaona mpaka Walikale!

Hesabu ni fupi. Ampule ya mbele ya pikipiki nyingi za kwetu ni ya wati 35. Gawanya kwa volti 12, unapata karibu ampere 3. Ile ya gari ya wati 60 inaomba ampere 5. Fili, komodo na soketi hazikutengenezwa kwa mzigo ule: zinapata moto, plastiki inayeyuka, na kioo cha taa kinaungua kwa ndani. Tena stateri haina uwezo wa kulisha, basi batri inakonda kila kilometri. Unapata mwangaza mkubwa kwa juma moja, kiisha giza la kudumu.

Ni vilevile kwa zile projektere za LED tunazoziona siku hizi. Hatuzikatai: zinaangaza vizuri na zinakula kidogo. Lakini hesabu kwanza. Taa ya mbele wati 35, ya nyuma 5, freni 21, klinyota mbili 20: tayari wati 81. Ukiongeza projektere mbili za wati 18, na chaja ya simu, na radio, unapita wati 120, hiyo inamaanisha ampere 10 ao zaidi. Ku ralanti stateri haiwezi kulipa deni hilo. Kama ni lazima uziweke, zipe fili yake kutoka batri, fizibule yake karibu na batri, rele yake na kifungo chake. Na uzielekeze chini. Kumpofusha dereva wa lori ndani ya kona ya Masisi ni kujitafutia kifo.

Jambo lingine ni kuchomelea. Pikipiki zetu zinaongezewa portebagaji za chuma ili zibebe makala na viazi. Fundi wa kuchomelea akipitisha umeme wake ku kadre na batri imefungwa, anaweza kuua regulatere na kile kisanduku cha kuwashia injini kwa sekunde moja. Toa kosi zote mbili za batri mbele ya kazi, na utenganishe regulatere. Ni dakika tano.

La tatu ni panneau solaire. Ku vijiji vyetu visivyo na umeme wa waya, batri ya pikipiki inatolewa jioni, inawasha taa ya nyumba, kiisha asubuhi inachajiwa ku jua. Hakuna ubaya, lakini batri hizi ni ndogo, mara nyingi kati ya ampere-saa 4 na 9. Inapenda kuchajiwa polepole, karibu sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: batri ya 5 ichajiwe na nusu ampere. Panneau kubwa isiyo na regulatere inaichemsha na kuiua. Na batri iliyolala tupu kila usiku haitafika mwaka.

Skochi nayo tuiongelee. Fili mbili zilizosokotwa na kufunikwa skochi zinashika leo. Mvua ya Septemba ikianza, maji yanaingia, shaba inakuwa kijani, na taa inarudi kuwa mshumaa. Kiungo kizuri kinachomwa kwa risasi ya soda, ao kinafungwa kwa kosi iliyobanwa, kisha kinafunikwa na mrija wa plastiki. Panga viungo vyako viangalie chini ili maji yasikae ndani.

Dakika tatu mbele ya safari

Tunawaomba wamotari wa Muheto na wa kila kituo cha Masisi kufanya haya kila jioni, kama vile wanavyoangalia esansi. Washa taa fupi, kisha ndefu. Geuka nyuma uone taa ya usiku. Kamata freni ya mkono, kiisha ya mguu, ukiwa umeweka kiganja karibu na taa uone mwangaza ukiongezeka. Washa klinyota za kulia na za kushoto. Zungusha gidoni mpaka mwisho pande mbili, taa zikiwa zimewaka. Pangusa matope ku kioo, maana kioo kilichofunikwa matope ni sawa na ampule iliyokufa. Mwisho, ukiwa na mzigo nyuma, simamisha pikipiki metre tano mbele ya ukuta: mwangaza wa taa fupi usipite urefu wa taa yenyewe. Mifuko miwili ya viazi inainua pua ya pikipiki, na taa inaangaza miti badala ya barabara.

Wewe abiria pia, una haki ya kuuliza. Mbele ya kupanda saa ya magharibi, mwambie motari kwa heshima: «Yaya, washa taa kwanza tuone.» Aliye na taa nzuri hatakasirika. Asiye nayo, mwache atengeneze kwanza. Masi iliyokwanguliwa na msasa haiombi zaidi ya robo saa.

Piesi zinatoka mbali, na franga ya kwetu inapatikana kwa jasho. Ndiyo maana tunasema: pima mbele ya kununua. Mmotari anayejua kufuata fili yake kutoka batri mpaka ku ampule, na kurudi kwa masi, anachunga pesa yake, na usiku ule watakapogonga mlango wake wakisema kuna mgonjwa, hatawajibu kwamba taa yake haiwaki.